Pumziko Si Mali ya Wenye Ndege



Wapendwa familia ya Mungu, ipo ndoto inayosimuliwa sana kwenye maduara na kwenye makarasha ya hapa kwetu Nyarugusu. Siku mtu atakapopata mawe yenye dhahabu ya kutosha, atakodi ndege ndogo, ataruka hadi baharini na kushuka kwenye kisiwa chenye mchanga mweupe, mahali pasipo na kelele wala msongamano. Kuota si kosa. Lakini wapo wahubiri walioigeuza ndoto hiyo kuwa Injili. Wanafundisha kwamba ndege binafsi ni alama ya mtu aliyebarikiwa, na asiyekuwa nayo aichunguze imani yake. Juma hili tunaipinga hoja hiyo, tena waziwazi.

Tuanze kwa kutenda haki. Ndege yenyewe haina dhambi. Tangu mwaka 1957 madaktari wanaoruka kutoka Nairobi wamewafikia kwa ndege ndogo wagonjwa wa Afrika Mashariki ambao barabara isingewawahi. Bahari nayo ni kazi ya mikono ya Mungu, na mwanadamu anayeitazama na kupumua kwa utulivu hamkosei Muumba wake. Hatuna ugomvi na mbawa wala na mchanga. Ugomvi wetu ni juu ya swali moja: nani anastahili kupumzika?

Tutazame hali ilivyo. Kutoka Geita hadi Mafia ni takribani kilometa 1,000 kwa mstari wa angani. Ndege ndogo yenye injini moja huumaliza mwendo huo kwa saa tatu au nne. Mchimbaji wetu, akitaka kufika huko, atapanda basi hadi Dar es Salaam kwa siku nzima na zaidi, kisha atakwenda Nyamisati kungoja boti. Karibu na Mafia kipo kisiwa kidogo cha Shungimbili, ambacho tangu mwaka 2016 hukodishwa kizima kwa kundi moja la wageni kwa wakati mmoja, kwa maelfu ya dola za Marekani kwa usiku mmoja. Hatusemi kwamba aliyelala humo amevunja sheria ya nchi. Tunasema tu kwamba ukimya wenyewe umekuwa bidhaa, na bei yake haimfikirii mtu anayeishi kwa jasho.

Tutajibiwa: «Mali ni yake, ameitafuta mwenyewe, mwacheni ale raha.» Hoja hii inapendwa sana, hata na maskini. Kanisa halikubaliani nayo. Papa Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba haki ya kumiliki mali binafsi si haki isiyo na mipaka, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kujilimbikizia ziada wakati wengine wamekosa mahitaji ya lazima. Sisi wa ukanda huu wa dhahabu tuongeze swali la pili: ameitafuta mwenyewe na nani? Dhahabu haipandi juu kwa miguu yake. Yupo aliyeshuka shimoni kwa kamba, yupo aliyesimika matimba, yupo mama aliyeponda mawe akiwa na mtoto mgongoni, yupo kijana aliyeshika zebaki kwa mikono mitupu kwenye mwalo. Wengi wao hawana mshahara. Wanangoja mgawo wa mawe, na mawe yakikosa dhahabu, wameambulia chakula tu.

Wala tusisahau gharama iliyo kubwa kuliko jasho. Mwezi Oktoba 2015, huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji walifukiwa na kifusi. Watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na mwenzao mmoja alifia humo humo. Mwezi Januari 2017, hapa hapa Nyarugusu, watu 15 walinaswa mgodini kwa takribani siku tatu, na kwa neema ya Mungu wote walitolewa wazima. Hao nao walikuwa mahali pa faragha, pasipo kelele. Hakuna aliyewaonea wivu.

Sasa tuifungue Injili, kwa maana wahubiri wa ndege hupenda kuishika Biblia mkononi. Marko, sura ya 6, aya ya 30 hadi 34, anasimulia jinsi Mitume walivyorudi kutoka utume wakiwa wamechoka, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Yesu akawaalika waende faraghani, wapumzike kidogo. Wakapanda chombo, wakavuka maji kuelekea ufuko usio na watu. Basi Bwana wetu mwenyewe anajua maana ya safari ya pwani iliyo tulivu! Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, aliwaalika waliochoka kwa kazi, si waliochosha wengine. Pili, umati uliwatangulia kwa miguu, na Yesu aliposhuka hakumwita mlinzi awafukuze. Aliwahurumia, akawafundisha, na kabla siku haijaisha wote walikuwa wamekula. Pumziko linalotufanya tusiwaone watu halikutoka kwa Kristo.

Torati nayo iko wazi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inapoamuru Sabato, haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa na mjakazi, inamtaja mgeni, inamtaja hata punda. Mungu aliyewatoa Waisraeli utumwani hakutaka wajenge utumwa mwingine ambao mmoja analala na kumi wanakesha. Papa Leo XIII aliyarudia hayo mwaka 1891 katika Rerum Novarum: mfanyakazi ana haki ya pumziko, na mwajiri hana mamlaka ya kumnyang'anya.

Kwa hiyo tunasema na wenye maduara, hasa wale wanaopokea Ekaristi pamoja nasi. Kabla hamjaota bahari, wapeni watu wenu Dominika. Shimo linalochimbwa usiku na mchana, siku saba kwa juma, linameza roho kabla halijameza miili. Siku moja ya kupumzika, chakula cha kutosha, na matimba imara: hiyo ndiyo ndege yenu ya kwanza kununua. Tunasema na vijana: msipime thamani yenu kwa kitu kinachopita juu ya vichwa vyenu. Daini pumziko lenu hapa mlipo, mkiwa na familia zenu. Na kwa wahubiri wa baraka zenye mbawa tunasema: aliyebarikiwa kuliko wote aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, tena wa kuazima.

Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zilijadili jambo hili juma hili: katika mtaa wetu, ni nani ambaye hajapumzika kwa muda mrefu, na ni nani anayemzuia?

Mungu awabariki nyote.