Seva Mnazo Tayari

Kila ninapokaa kwenye kikao cha mradi wa data kubwa, mazungumzo huanzia kwenye ununuzi. Tunahitaji seva ngapi? Zabuni itangazwe lini? Hakuna anayeuliza data yenyewe ina ukubwa gani wala iko wapi. Imani iliyotawala ni kwamba uchambuzi wa data kubwa haufanyiki mpaka zinunuliwe mashine zake peke yake, zenye diski zake ndani, na kwamba seva pepe na hifadhi ya pamoja tulizonazo ni za barua pepe na uhasibu tu. Imani hii ni potofu, na inatugharimu sana.

Ilikuwa na asili yake. Mwaka 2004 wahandisi wa Google walipoeleza MapReduce, mfumo wao wa kuchakata data nyingi kwa mashine nyingi pamoja, walitaja klasta ya mashine kama 1,800, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski mbili za gigabaiti 160 na mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde. Kwa mtandao wa aina hiyo, ilikuwa busara kuipeleka kazi kule data iliko. Hadoop, programu huria ya kazi hiyohiyo iliyoanzishwa na Doug Cutting na Mike Cafarella, ikarithi utaratibu huohuo. Leo mitandao ya vituo vya data ina kasi ya gigabiti 10, 25, hata 100. Sharti la mashine zenye diski zake ndani tumelishikilia, ilhali sababu yake imekwisha.

Na ukubwa wa data wenyewe? Watafiti wa Microsoft waliripoti kwamba nusu ya kazi za klasta za Microsoft na Yahoo zilisoma chini ya gigabaiti 14. Kwenye klasta ya Facebook, kazi 90 katika kila 100 zilisoma chini ya gigabaiti 100. Hao ndio tunaowaiga! Seva moja ya kawaida ya leo inaweza kubeba kiasi hicho kwenye kumbukumbu yake.

Niliwahi kushuhudia mradi uliosubiri seva mpya kwa miezi. Zilipofika, ikabidi data ihamishwe. Terabaiti 10 kwenye waya wa gigabiti 1 huchukua saa 22, tena kama hakuna mwingine anayeutumia waya huo. Na kwa kuwa data ilikuwa ikibadilika kila siku kule ilikotoka, kazi ya kunakili haikuisha. Usiku mmoja fundi alinifungulia skrini ya usimamizi wa seva za zamani: mistari ya matumizi ya vichakataji ilikuwa imelala chini kabisa, toka jioni hadi alfajiri. Uwezo ulikuwepo chumba hichohicho, pembeni ya data, na umeme wake ulikuwa unalipiwa.

Njia ya kuutumia uwezo huo ipo, tena si ya jana. Mwaka 2012 kampuni ya VMware ilitoa programu huria iliyoipa jina la Serengeti, kazi yake kusimamisha klasta ya Hadoop juu ya seva pepe. Mwaka huohuo hifadhi ya Isilon ya kampuni ya EMC ikaanza kuzungumza na Hadoop moja kwa moja, faili zikasomwa palepale zilipo.

Wataniambia hifadhi ya pamoja italemewa. Italemewa ukiiacha hivihivi. Hadoop kwa kawaida huweka nakala tatu za kila kitu. Juu ya hifadhi ambayo tayari inajilinda kwa RAID, yaani kinga ya diski kadhaa kwa pamoja, huo ni ufujaji, basi zipunguzeni. Wekeni kikomo cha usomaji ili mfumo wa mishahara usikwame mwisho wa mwezi, na kazi nzito ziende usiku. Mwenye mamia ya terabaiti yanayosomwa mchana kutwa, huyo anunue, sitampinga.

Wewe mkurugenzi mwenye hati ya ununuzi mezani, usiitie sahihi bado. Waagize mafundi wako wiki hii watengeneze seva pepe nne kwenye mitambo iliyopo, waziunganishe na data iliyopo, kisha wape swali moja ambalo ofisi yako imekosa jibu lake kwa muda mrefu. Wakishindwa, wakuonyeshe kwenye grafu ni wapi uwezo ulipoishia. Hapo utakuwa unajua unachonunua.