Inchi Mbili Zatosha

Hakuna mkaazi wa visiwa hivi asiyejua kwa nini gari la miguu mirefu linapendwa. Barabara kuu zimetiwa lami, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mwenye kuiacha lami na kushika njia za uwandani, mashariki ya Unguja au kule Micheweni, hukutana na mawe ya matumbawe yenye ncha kali, na anayeteremka katika mabonde ya mpunga ya Pemba wakati wa masika hukuta tope linaloishika ekseli lisiiachie. Gari la chanjo hupita humo. Gari la mkaguzi wa skuli hupita humo, na lile linalomchukua usiku mama aliyeshikwa na uchungu halina njia nyengine. Kwa hiyo haja ya kuyainua magari haya ni haja ya kweli, wala si anasa. Tunachokipinga ni namna inavyofanywa.

Vifaa vya kuinulia gari vilivyotengenezwa kiwandani ni ghali, na fungu la idara nyingi, kama lilivyo fungu la mwananchi mwenye gari moja, ni dogo. Hapo ndipo linapozaliwa jawabu la rahisi: kipande cha chuma chakavu hukatwa, hutiwa baina ya ekseli na springi, na gari hupanda mpaka likawa kama dungu la kuwingia ndege shambani. Mwenyewe hulitazama akafurahi. Abiria hajui alichopandishwa juu yake.

Lazima tujiulize kwanza kama gari lina haja ya kuinuliwa, au kurudishwa pale lilipokuwa. Gari lililobeba saruji na watu kwa miaka kumi halikuzaliwa fupi, limefupika. Mabamba ya springi hulegea, mengine huvunjika ndani bila ya kuonekana, na kutu ya hewa ya bahari huyala. Fundi na apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, alinganishe na springi nzima ya gari la aina hiyo hiyo. Springi zikifunguliwa, zikasafishwa, zikakunjwa upya na kutiwa bamba jipya palipovunjika, mara nyingi gari hurudi juu kwa gharama ndogo, na hakuna kiungo kilichobadilishwa mahali pake.

Baada ya hapo yafuate matairi. Liko jambo ambalo wengi hawalitambui: kuinua springi huinua bodi na chesisi tu. Kichwa cha difu, ambacho ndicho kinachogonga jiwe, hubaki pale pale. Kinachokiinua ni tairi peke yake, na tairi likizidi kimo kwa inchi 2, difu hupanda inchi 1. Land Rover za zamani zatufundisha: ile fupi ya inchi 88 ilitoka na matairi ya 6.00-16, na ile ndefu ya inchi 109 ilipewa 7.50-16. Ila tairi kubwa huilemea injini mlimani na breki mteremkoni, na kipimo cha mwendo huonyesha pungufu ya mwendo wenyewe.

Kama bado pana haja, iongezwe springi bamba moja. Gari litakuwa gumu, na watakaokaa nyuma watalalamika, lakini kazi itakuwa salama. Wako wanaorefusha vyuma vinavyoshika mwisho wa springi. Wafahamu kwamba wakivirefusha inchi 2, gari hupanda inchi 1 tu, na ikiwa ni mbele, ekseli hupinduka kidogo na usukani huanza kuyumba. Ama kutia kipande cha chuma chini ya springi za mbele, au kuvipandanisha viwili nyuma, tunasema wazi kwamba ni kuichezea roho ya mtu. Dereva akikanyaga breki, nguvu zote hutaka kuipindua ekseli, na kipande kile kinaweza kuchomoka.

Land Cruiser za kazi za aina ya 70, ambazo zimejaa katika idara zetu, zilikuwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Tangu 1999 za mbele ni za koili. Fundi anayelitibu jipya kwa dawa ya la zamani anaharibu.

Breki nazo husahauliwa. Gari likipanda, mipira ya breki hubaki na urefu wake wa zamani, na gurudumu likining'inia shimoni, mpira huvutika hata ukakatika. Magari mengi ya mizigo yana kifaa nyuma kinachopima uzito kwa nafasi iliyopo baina ya chesisi na ekseli. Bodi ikiinuliwa bila ya kukirekebisha kifaa hicho, hudhani gari ni tupu na huzinyima breki za nyuma nguvu zake, ilhali limejaa watu. Na zaidi ya yote, kila inchi inayoongezwa huusogeza uzito juu, na gari huwa jepesi kupinduka penye kona na penye mteremko wa upande. Kwa hali ya njia zetu, inchi 2 zatosha. Anayetaka 6 anatafuta sifa.

Kwa wakuu wa idara tuna ombi moja. Gari la serikali ni amana, na aliyelipanda hakulichagua. Isiidhinishwe kazi hii kwa kutazama bei ya chini peke yake. Daftari la gari lionyeshe zimeongezwa inchi ngapi, kwa njia gani, na fundi gani aliyekagua mipira ya breki huku magurudumu yakining'inia. Kisha lipakiwe mzigo wake wa kawaida, literemshwe mlimani, na breki zikanyagwe mara kadhaa kabla ya abiria wa kwanza kuruhusiwa kupanda.