Tusiwanyang'anye Wazee Wetu Nguvu kwa Jina la Heshima



Katika nyumba zetu nyingi hapa Mombasa, mama akishapimwa damu na kuambiwa lehemu iko juu, mambo mawili hufuata siku hiyo hiyo. La kwanza ni vita na mafuta: samli hufichwa, viazi karai hupigwa marufuku, mahamri ya asubuhi hugeuka mkate mkavu. La pili ni kumpokonya mama kila kazi. Ndoo asiishike, ngazi asipande, sokoni asiende, chochote atakacho ataletewa pale alipokaa. Watoto huona wametenda wema na majirani huwasifu. Lile la kwanza lina maana yake. Hili la pili sisi tunalipinga.

Tumezoea kuizungumza lehemu kama jambo la jikoni tu, nini kiliingia sufuriani. Hatuulizi mafuta yakishafika damuni yanakwenda wapi. Sehemu kubwa ya mafuta tunayokula husafiri ndani ya damu kama triglisaraidi. Katika mishipa midogo inayopita kwenye misuli kuna kimeng'enya kinachoyavunja mafuta hayo na kuyaingiza misulini ili yachomwe. Msuli ukifanya kazi, kimeng'enya hicho nacho hufanya kazi. Msuli ukishinda kutwa juu ya kochi, hulegea, na mafuta yakabaki yakizunguka. Sukari inayotokana na wali na chapati nayo huhifadhiwa kwa wingi kwenye misuli hiyo hiyo, ndiyo maana lehemu, kisukari na maradhi ya moyo hupenda kuingia nyumba moja.

Na misuli hupungua yenyewe bila sisi kuisaidia kupungua. Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mtu hupoteza kiasi cha asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila baada ya miaka 10, na akivuka 60 mwendo huo huongezeka. Mizani haisemi lolote hapo. Mtu aweza kuwa na kilo zile zile za siku ya harusi yake, kumbe misuli imeondoka na mafuta yamekaa mahali pake.

Wenye babu waliofanya kazi Kilindini zamani wanawajua makuli waliobeba magunia kwa mabega. Watu wa kazi kama hiyo walichunguzwa katika bandari ya San Francisco, Marekani. Daktari Ralph Paffenbarger na mwenzake waliwafuatilia wafanyakazi 6,351 kwa miaka 22, na mwaka 1975 wakatangaza kwamba vifo vya maradhi ya moyo kwa wenye kazi nzito vilikuwa karibu nusu ya vile vya wenye kazi nyepesi. Kisha mwaka 2015 ukatoka utafiti wa nchi 17, watu karibu 140,000, ambao walipimwa tu nguvu ya kufinya kwa mkono. Kila nguvu ilipopungua kwa kilo 5, hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ilikuwa juu kwa asilimia 17. Mkono ulitabiri kifo vizuri kuliko hata ile namba ya juu ya presha. Haina maana kwamba ukishinda unafinya mpira utapona. Mkono dhaifu unatoa habari za mwili mzima.

Watoto watasema: lakini mama ameshazeeka, amechelewa. Huko Boston mwaka 1990 walichukuliwa wazee 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakafanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao zikaongezeka zaidi ya maradufu. Wawili wakaacha mikongojo! Sasa mama yetu wa miaka 58 tunamkalisha kwa hoja gani? Kesho atashindwa kuinuka kwenye msala bila kushika ukuta, nasi tutasema ni uzee.

Tuseme pia kweli yote. Mazoezi ya nguvu huteremsha ile lehemu mbaya kwa kiasi kidogo tu. Kuna watu wembamba wenye nguvu za kutosha ambao wameirithi lehemu ya juu kwa wazazi wao, hao misuli pekee haiwatoshi. Aliyeandikiwa dawa aendelee nazo, na samli ibaki kuwa ya kupimwa. Mwenye presha isiyotulia au aliyeugua moyo karibuni amuulize daktari wake kwanza, na anaponyanyua kitu asizuie pumzi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, mbali na kutembea. Halikutaja jimu. (Vijana wetu mnaomaliza pesa za chakula kwenye makopo ya unga wa misuli, mbaazi na maharagwe yapo.) Mama aweza kufanya chumbani kwake, na stara yake: kukaa na kuinuka kitini mara 10 bila kushika, kupumzika, kisha kurudia. Kusukuma ukuta kwa mikono miwili. Kubeba dumu la lita 5 kutoka jikoni hadi uani na kurudi, akianza na nusu ya maji kama ni zito. Likizoea kuwa jepesi, liongezwe.

Nanyi mnaokimbilia kumpokea kikapu anaporudi sokoni, kama hajawaomba, mfungulieni mlango apite nacho.