Choo cha Mtoto Kinapopelekwa Maabara

Swali hili mmetuuliza mara nyingi: "Mtoto anaharisha siku ya tatu, tumepima choo zahanati, tukaambiwa hakuna kitu. Sasa anaharishwa na nini?"

Darubini ya zahanati huonyesha mayai ya minyoo, amiba na jiardia. Bakteria ni habari nyingine. Yule anayeleta kuhara damu na yule anayeishi matumboni mwetu bila kutudhuru wote huonekana kama vijiti vidogo, mapacha kabisa. Ili kuwatofautisha ni lazima waoteshwe, kazi ya maabara kubwa kama ile ya KCMC hapa Moshi.

Kuotesha kunafanana na mapishi. Choo kidogo hupakwa juu ya chakula kilichogandishwa kama jeli, kikawekwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37. Zamani jeli hiyo ilikuwa ikiyeyuka kwa joto. Aliyetoa wazo la kuigandisha kwa agari, unga utokanao na mwani, ni mama wa nyumbani, Fanny Hesse, mwaka 1881 huko Ujerumani. Agari alikuwa akiitumia jikoni kwake! Sisi tunaopika tusijidharau.

Asubuhi rangi husema. Kwenye sahani moja, bakteria wengi wa kawaida wa utumbo hula sukari ya maziwa na kuota rangi ya waridi. Shigela na Salmonela huota bila rangi. Wa kipindupindu ana chakula chake, huota njano. Kampilobakta, ambaye mara nyingi hutoka kwa kuku, hutaka nyuzi 42, karibu na joto la mwili wa kuku mwenyewe. Kisha hufuata vipimo vya kuthibitisha jina, na vya kuona ni dawa ipi inamshinda. Ndiyo maana majibu huchukua siku mbili, tatu, au zaidi. Msimlaumu mtaalamu.

Kinachotuharibia kazi ni kapsuli za dukani. Mtoto akishameza mbili tatu, bakteria hudhoofika na huenda asiote, majibu yakaja matupu na ugonjwa upo. Pia Shigela hufa haraka akiwa nje ya mwili. Choo kilichokingwa Rombo alfajiri kikafika Moshi saa sita mchana kwa daladala hakitusaidii sana; afadhali mtoto aletwe mwenyewe. Chombo kiwe kikavu, safi, chenye mfuniko, kisichosuuzwa kwa dawa ya madoa. Chukueni penye damu au makamasi.

Si kila anayeharisha anahitaji kipimo hiki. Watoto wengi huharishwa na virusi, kama rota, ambaye chanjo yake ilianza kutolewa nchini mwaka 2013, kapsuli hazimgusi. Bali choo chenye damu, au kinachotoka kama maji ya mchele, hakingoji kesho. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache, kabla sahani yoyote haijaota, kwa hiyo maji huanza kwanza: pakiti ya ORS kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo, kila baada ya kuhara. Ziwa la mama lisikatwe. Zinki apewe siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Majibu yakitoka, ombeni jina la bakteria na la dawa yaandikwe kwenye daftari la mtoto. Na likiandikwa Kampilobakta, tazameni kuku wanalala wapi. Huku migombani wengi wetu tunalala nao jikoni.