Kosa Si la Mtoto wa Chole

Wako wataalamu wasemao kwamba Kiswahili hakina vitenzi vya namna ya "can", "must" na "may", na kwa sababu hiyo mwanafunzi asemaye Kiswahili hana pa kushika afundishwapo maneno hayo ya Kiingereza. Huyatazama makosa ya watoto wa shule za shamba, wakatikisa vichwa, wakasema kuwa lugha yao ndiyo iwaponzayo. Neno hili limekaririwa mno hata limevaa sura ya kweli. Lakini yeyote ayachunguzaye makosa yenyewe, badala ya kuyahesabu tu, ataona kwamba lugha ya mtoto haina hatia. Mwenye hatia ni jedwali aliloandikiwa ubaoni.

Achukuliwe mtoto wa Chole, kata ya bara wilayani Kisarawe (si Chole ya kisiwani, ile ya Mafia yenye magofu, ambayo wageni huijua zaidi). Amesoma darasa la kwanza hata la saba kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi ya shule za msingi za serikali tangu 1967, na Kiingereza kwake kilikuwa somo moja miongoni mwa masomo. Aingiapo kidato cha kwanza hukikuta kimegeuka mlango wa karibu kila somo: historia, hesabu, elimu ya viumbe. Naye ameingia na jedwali lake kichwani: "can", weza, "must", lazima, "may", huenda. Siku ya kutunga sentensi anaandika: "He can to write him." Kalamu nyekundu hupita mara mbili, na mtoto huambiwa kwamba hakusoma.

Kumbe amesoma sana. Alitaka kusema "Anaweza kumwandikia." Katika neno hilo moja, kumwandikia, kuna mambo manne: ku- ya kitenzi-jina, -m- ya mtendewa, mzizi wa kuandika, na ile -i- ya kutendea ionyeshayo kwamba barua yamwendea mtu. Kiingereza kina "to" mbili za kulipia mambo hayo. Ya kwanza hulingana na ku-, nayo hudondoka baada ya "can". Ya pili ni kihusishi, hulingana na -i-, nayo hukaa nje ya kitenzi, mbele ya "him". Mtoto alijua kwamba "to" moja yatakiwa, wala hakukosea hesabu. Ameiacha ile ipasayo kubaki, akaibakiza ile ipasayo kuachwa. Hilo ni kosa la mtu afikiriye. (Na Wamarekani husema "write him" pasipo kihusishi chochote, wala hapana awachekaye.) Nani aliyemwonyesha kwamba kihusishi cha Kiingereza kimefichwa tumboni mwa kitenzi cha Kiswahili? Jedwali haliwezi kuonyesha hayo, maana jedwali hulinganisha neno na neno, na hapa palipasa kulinganishwa neno na sentensi.

Ukija kwenye "must" ubaya wazidi. Lazima si kitenzi. Ni jina lililotoka Uarabuni, halichukui kiambishi cha mtu, hukaa nje kama bawabu, na kitenzi kifuatacho hubeba mtu na kuishia kwa -e: lazima aende. Mtoto aliyefundishwa kwamba "must" ni lazima akiandika "Must he goes", ametii alichofundishwa. Laiti angeambiwa kwamba "must" huenenda kama hana budi, angeona mara moja kwamba mtu hutangulia: hana budi kwenda, "he must go". Na kama angetaka kujua kwa nini "he" hugeuka "him" katika "It is necessary for him to go", jibu analo kinywani mwake tangu utoto: yampasa kwenda, inambidi aende. Hapo mtu si mtenda tena. Amekuwa mtendewa, naye huonekana kwa -m-. Husemwa kwamba Kiswahili hakitofautishi "he" na "him" kwa kuwa yeye ni yeye daima. Asemaye hivyo ameitazama nafsi iliyosimama peke yake, akasahau viambishi. Alimwona: a- ni mmoja, -m- ni mwingine, wala hapana mtoto wa Chole awachanganyaye.

Tena yafaa kukumbuka kwamba Wazungu waliotaka kujifunza Kiswahili hawakupewa jedwali. Walipewa kitabu cha Askofu Steere mwaka 1870, na mwaka 1944 sarufi ya Bi. Ashton, iliyowaonyesha hatua kwa hatua jinsi kiambishi kifanyavyo kazi ambayo kwao hufanywa na neno zima. Kwa yule asafiriye upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, bidii ya namna hiyo imekuwa haba.

Hasara yake haiishii katika alama za mtihani. Jedwali humfundisha mtoto kujumlisha: "must" ni lazima, "not" ni si, basi "must not" ni si lazima. Amepata ruhusa mahali palipoandikwa katazo. Karatasi ikimwambia "You must not write in the margin", yeye husoma kwamba halazimiki kuandika ukingoni, lakini akipenda aandike. Leo ni ukingo wa karatasi. Kesho ni kibandiko cha dawa kisemacho "must not be taken by children". Kiswahili chake kilikuwa na njia mbili safi, si lazima aende na lazima asiende, nazo hazikutumiwa.

Wengine watajibu: basi Kiingereza kiondolewe, na shida itaondoka nacho. Haitaondoka. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema wazi kwamba "may" humpa mwenye madaraka hiari na "shall" humfunga. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na mahakama za Tanzania, na mfasiri aliyelelewa na jedwali lilelile huitoa "shall" kwa -ta-, kwa kuwa alifundishwa kwamba "shall" ni wakati ujao. Lakini -ta- huchukua utabiri, na nia, na ahadi, na amri, vyote kwa kiambishi kimoja. Mwaka 2009 kampuni ya kigeni ilimilikishwa zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe ili ilime mibono ya kukamuliwa mafuta. Kufikia 2011 kazi ilikuwa imesimama, na wanakijiji walilalamika kwamba ahadi za maji na zahanati hazikutimizwa. Haidaiwi hapa kwamba kiambishi ndicho kilichowapotezea ardhi. Lakini mtu akisimama barazani akasema "Kampuni itachimba kisima", mwenye shamba ana haki ya kumwuliza: itachimba kwa kuwa imekusudia, au itachimba kwa kuwa imepaswa? Na mfasiri wa sheria aulizwe vivyo hivyo, kabla wino haujakauka.