Paa la Nyumba ya Askari

Askari mwenzetu achukuapo mkopo katika chama cha akiba ili ajenge nyumba kijijini, sehemu kubwa ya fedha humezwa na msingi na kuta. Ifikapo zamu ya paa, mfuko umekwisha kuwa mwepesi, naye huingia dukani akaulizia bati la bei ya chini kuliko yote. Sisi twaona kwamba hapo ndipo mahali pabaya kabisa pa kubana fedha.

Unene wa bati hupimwa kwa geji, na hesabu yake huenda kinyume: kadiri namba inavyozidi kuwa kubwa, ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 32 ni jembamba kuliko hayo mawili. Wako wachuuzi wanaofahamu vyema kwamba mnunuzi halijui jambo hili. Geji 32 yafaa banda la kuku. Kwa nyumba watakamolala watoto twashauri 28, hata ikibidi kungoja mishahara miwili zaidi. Bati la chuma hupakwa zinki, na zinki hiyo hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisalimike. Kwa hiyo mahali palipokwaruzwa au kukatwa ovyo ndipo kutu huanzia. Msumari nao sharti upigwe juu ya mgongo wa wimbi, wala si bondeni ambamo maji hupita. Fundi asiyelijua hilo na aage mapema.

Wako wanaotamani vigae vya udongo. Hatuwalaumu, maana chini ya vigae mvua haipigi ngoma na joto la mchana hupungua. Lakini vigae vya mita moja ya mraba huweza kufikia kilo 40 na kupita, hali bati la eneo hilo hilo ni kilo chache tu. Kenchi za mkaratusi mbichi zilizokusudiwa bati zitapinda chini ya mzigo huo. Mwenye bati aweke dari na matundu ya kupitisha hewa, nalo joto litapungua kwa gharama ndogo.

Wala haifai kulidharau paa la nyasi. Wengi wetu tulikulia chini yake huko Acholi, Lango na Teso, na tuliowahi kukaa katika vile vibanda vya bati vya mviringo viitwavyo yunipoti twajua ni wapi mtu alilala vyema zaidi. Nyasi zataka mwinamo mkali ili maji yasituame, na zataka kufanyiwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Adui yake mkuu ni moto. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, iliyoezekwa kwa nyasi, iliteketea.

Hata hivyo bati halina kinga ya kila kitu. Tarehe 2 Novemba 2024 radi iliwaua watu 14 na kuwajeruhi 34 waliokuwa wakisali ndani ya jengo la mabati katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo. Bati haliiti radi, lakini lisipopewa njia ya kuupeleka umeme ardhini, umeme huo hujitafutia njia wenyewe, nayo yaweza kuwa mwili wa mtu. Ufito wa chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba na nguzo iliyozikwa ardhini ni gharama ndogo mno mbele ya gharama ya mazishi.

La mwisho ni asbesto, ambayo ingali juu ya baadhi ya majengo ya zamani; Tororo palikuwapo hata kiwanda chake. Likiwa zima na halikuguswa, paa hilo hutoa vumbi kidogo. Likikatwa, likitobolewa au likisuguliwa kwa brashi, hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambazo zikiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Kwa hiyo askari anayepewa amri ya kusafisha paa la namna hiyo amwarifu kwanza mkuu wake, na vipande vilivyovunjika visipelekwe nyumbani kujengea banda la mbuzi.