Tuukague na Mlango wa Bweni

Mzazi wa Rujewa auzapo mpunga wake ili kumpeleka mtoto shule ya bweni, hulikagua godoro, hulitikisa sanduku na kuijaribu kufuli yake. Je, mlango wa bweni atakamolala mtoto huyo ameukagua nani?

Swali hili si geni kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mwezi Agosti 2009, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na wasichana 12 wakapoteza maisha. Kwa jirani zetu wa Kenya, Machi 2001, wavulana 67 walikufa motoni katika shule ya Kyanguli, Machakos. Moto huo uliwashwa makusudi. Lakini mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo.

Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 imewapa askari wa zimamoto mamlaka ya kukagua majengo. Hata hivyo, mkaguzi huja mchana na kuondoka, ilhali kufuli hutiwa usiku. Kwa hiyo mzazi, siku ya kumfikisha mwanao, ingia bwenini kwa ruhusa ya mwalimu, uulize: milango ni mingapi? Yafunguka kwa nje? Ufunguo hulala kwa nani? Dirisha lenye nondo, mtoto atalipitaje?

Jibu lisiporidhisha, lifikishe kwenye bodi ya shule kabla hujapanda basi la kurudi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.